"Ni Jiwe Tu, Yaya"

Yaya Feza, dada yangu mkubwa wa kazi,

Nimekalia kiti chako. Usinikemee kwanza, ngoja nikueleze. Kiti changu mguu umevunjika tena, na chako kimekaa bure tangu siku tulipokuzika. Hakuna mtu ofisini, hapa buroni, aliyethubutu kukigusa, hata Shefu, mkubwa wetu, akipita alikuwa anakizunguka. Leo nimekipangusa vumbi, nikakaa. Bado kinalia ukiegemea upande wa dirisha.

Ulituacha mvua zikiwa zimeshika. Sasa ni kiangazi, vumbi jekundu la Kasongo limetuingia mpaka kwenye meno. Ule mfereji wa soko ulioupigania umepata vifuniko, na mama wauza samaki wamepanga samaki wao juu yake kana kwamba ulijengwa kwa ajili yao. Nimewafukuza mara mbili, wakanifukuza mara tatu. Mwamini, binti yako, alinipa mabuti yako ya mpira. Miguu yangu unaijua, hayaingii hata kwa sabuni. Basi nimeyasimamisha hapa mlangoni, na mtu akija na uongo wake kuhusu choo chake, huyaangalia mabuti kwanza, kisha anaanza kugugumia. Bado unafanya kazi, Yaya, wala hatukulipi.

Lakini sikukikalia kiti chako ili nikupe habari za mabuti. Nina neno nililopaswa kukuambia ukiwa hai, nikalimeza. Ni kuhusu jiwe la machinjio. Lile ulilouliza ukiwa juu, nami nikakujibu nikiwa ndani ya shimo. Nilikudanganya. Hapana, sikukudanganya, nilifanya uvivu tu. Ah, acha. Ni kitu kilekile.

Unakumbuka tulivyokutana? Ulikuja Salamabila juu ya pikipiki, matope mpaka kiunoni, umetumwa kutufundisha sisi wachimbaji tuchimbe vyoo mbali na maji. Tulicheka sana siku ile. Mwanamke mzima kasafiri kutoka Kasongo, kavuka mito na utelezi wote ule, kuja kutuambia habari za mavi! Ukatuonyesha mahali pa kuchimba. Mimi nilikuwa nimeshika karai langu la kuoshea dhahabu, nikasema, "Mama, ukichimba hapo, uchafu utatokea pale chini, kwenye ule mti." Hukukasirika. Ulishuka mpaka kwenye mti, ukaingiza mkono chini ya majani, ukautoa umelowa. Ukauliza, "Weye ni mutu wa wapi?" Nikasema Wamaza. Tangu siku hiyo jina la Amisi likafa, nikawa Wamaza tu. "Wamaza," ulisema, "acha kutafuta zahabu, kuya tutafute mavi. Mavi haiishi." Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nikakufuata.

Mtu akiniuliza sasa wewe ulikuwa nani, humweleza hivi. Kila mahali panapomwaga maji machafu katika mji huu, iwe machinjio, soko, zahanati, wapika sabuni au wakamua mawese, lazima pawe na shimo la kutuliza uchafu, kisha shimo la kunyonya maji, mbali na chemchemi. Yaya Feza ndiye aliyekagua, na kanuni ikifuatwa, alisaini karatasi. Mimi msaidizi nilisaini chini yake. Lakini hukusaini mezani hata siku moja. Ulishuka kwanza mpaka kwenye maji wanayotumia watu walio chini ya mahali pale, ukainama, ukanawa uso mbele ya mwenye shimo, ndipo ukaitisha kalamu. "Mutu akiogopa kunawa, asisaini." Yule mpika sabuni ninamkumbuka kila mara. Ulinawa, jicho likavimba kama andazi, ukamwambia, "Angalia jicho langu vizuri, hiyo ndiyo saini yako." Alihamisha shimo lake wiki ileile.

Sasa jiwe.

Papa Ramazani, mwenye machinjio, alijenga kila kitu kama ulivyomwagiza. Hakuiba hata shubiri moja. Kabla hajachimba shimo lake la kunyonya, sisi tulichimba letu la kujaribu udongo. Nilikuwa ndani mpaka kifuani, jua liko utosini, na wewe umekaa kivulini na ile karanga yako uliyoifunga kwenye jani. Mtaimbo ukagonga kitu: ngo! Ukaita kutoka juu, "Wamaza, iko nini?" Nikapitisha mguu. Mguu, Yaya, ndani ya buti. Sikuinama. Nikasema, "Ni jiwe tu, Yaya." Ukauliza, "Jiwe tu?" Nikasema, "Jiwe tu, watalizunguka." Nikapanda juu nikala karanga.

Mimi niliyeishi ndani ya mashimo miaka na miaka! Ninajua jiwe la Mungu linavyokaa. Halilali sawa kama meza. Na ukiligonga halikujibu kwa sauti ya utupu chini yake. Ule utupu niliusikia. Nilitaka kivuli, ndiyo sababu nzima, hakuna nyingine. Ulitoa kaye, daftari lako lile, ukaandika, "Jiwe, walizunguke," kwa neno langu. Shimo lilipokwisha kujengwa tulishuka kwenye chemchemi ya mtaa wa Mama Zaina, ukanawa uso. Maji yalikuwa safi kabisa, maana hata ng'ombe mmoja alikuwa hajachinjwa pale juu. Ukasaini. Nikasaini chini yako.

Baadaye ukaanza kuugua, presha ikapanda, kila nikija kukuona ulikuwa unaniuliza habari za kazi, nami nikisema iko sawa tu. Jiwe lilinipitia kichwani mara moja au mbili. Nikajiambia, mgonjwa asisumbuliwe. Unaona nilivyo hodari wa visingizio.

Kiangazi kilipoingia, Mama Zaina alikuja hapa buroni, ameshika bido lake, dumu la maji. Hakuketi. Alifungua kifuniko akanisogezea puani. "Nusa. Watoto wangu wawili wanaharisha, na wa jirani watatu. Feza angekuwa hapa ningemuita yeye, lakini iko weye tu." Weye tu! Nilinusa, nikapajua inakotoka harufu ile: machinjioni.

Nikapanda kutoka chemchemini kwenda juu kwa miguu. Majani yote ya mlima yalikuwa yamekauka, rangi ya ugoro. Isipokuwa mstari mmoja, Yaya. Mstari wa majani mabichi, umenyooka, unatoka machinjioni unashuka mpaka chemchemini. Maji yakijiendea yenyewe hupinda. Yakinyooka hivyo, ni mtu aliyeyanyoosha. Chini ya lile jiwe langu kulikuwa na mfereji wa mawe, wa wale waliojenga mji huu kabla baba zetu hawajazaliwa, ukafunikwa, ukasahauliwa. Na sisi tulikuwa tumeweka shimo la damu na samadi ya ng'ombe juu yake. Nikakaa palepale kwenye majani mabichi.

Lakini kuona majani si ushahidi, ndivyo ulivyonifundisha. Nikatumia dawa yako, nkula, ule unga mwekundu wa mti ambao bibi zetu walimpaka mama aliyejifungua. Ulikuwa unaukoroga kwenye maji, unaumwaga juu, kisha unangoja kuona utatokea wapi. Niliukoroga ndoo mbili nzito, nikazimwaga kwenye shimo la Papa Ramazani asubuhi, nikaanza kushuka. Nusu ya njia nikasikia kelele.

Nilikuwa nimesahau kuwaambia! Wewe ulitangulia kila mara siku moja mbele, nyumba kwa nyumba, "Kesho mutaona maji mekundu, ni nkula ya Feza, musiogope." Mimi nilijifanya fundi nikamwaga tu. Nilikuta mabido yametupwa njia nzima, kitambaa cha mtu kwenye mwiba, mama wawili wamekaa chini wanapiga kelele, "Damu, damu!" Aliyebaki kwenye chemchemi ni mmoja, mama mkwe wake Zaina, yule bibi mwenye fimbo. Aliinama akachovya kidole, akanusa. Akasema kwa sauti kubwa, "Hii si damu. Ni nkula. Chemchemi imezaa." Akatuma kuku aletwe haraka, maana mzazi haendewi mikono mitupu.

Ulipaswa kuwapo, nakuapia. Kufika saa sita watu wametoka mitaa yote kuja kuona chemchemi iliyozaa. Kuku amefungwa mguu kwenye kichaka, mwingine kaleta unga, mwingine yai. Na mimi nimesimama na ndoo, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko, ninajaribu kuwaeleza. "Bibi, ni miye niliyefanya hivi." Bibi akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Weye? Basi weye ndiye baba." Wakacheka mpaka waliokuwa wanalia. Nilicheka pia, ingawa nilijua kicheko kikiisha litakuja swali.

Swali lilikuja kutoka kwa Shefu. Alinifungia mlango huu unaolia kila siku. Shefu si mtu mbaya, unamjua, ni mtu wa kutaka siku ipite. Alisema mji mzima umeona maji mekundu, lazima ripoti iandikwe, na ripoti lazima iwe na mwenye kosa. Papa Ramazani ana ndugu wengi, watapiga kelele. Akafungua faili, akaweka kidole juu ya saini yako. "Andika ni Feza. Marehemu hafukuzwi kazi." Kisha akalainisha sauti. Akanikumbusha faili langu limeshapelekwa ili nipewe namba, niwe mfanyakazi wa serikali kamili, baada ya kungoja miaka yote hii kama msaidizi asiyehesabika. Sasa si wakati wa kulichafua.

Nikwambie ukweli? Nilichukua kalamu. Niliandika "Marehemu Mama Feza" nikafika hapo. Nilijiambia haimuumizi, amelala, mimi nina watoto sita. Nikawa ninatafuta neno linalofuata. Ndipo nikasikia mama mmoja pale nje, kando ya bomba la komini, manispaa yetu, anamgombeza mtoto wake, "Nawa hiyo mikono, Feza anakuona!" Bado wanasema hivyo, Yaya. Mji mzima unasema hivyo kwa watoto. Nikiandika jina lako, kesho mama yuleyule atasema kumbe hata Feza alitudanganya, na kila shimo ulilolihamisha kwa ugomvi litarudi pale lilipokuwa. Tena, acha maneno mengi, haikuwa kweli. Nilikasirika. Nilijikasirikia mwenyewe kwanza, kisha Shefu, kisha nikakukasirikia wewe pia, kwa nini uliniamini kirahisi vile, mtu wa karai kama mimi!

Nikaichana ile karatasi. Nikaandika nyingine: "Mimi Amisi, msaidizi, nililikanyaga jiwe kwa mguu badala ya kulishika kwa mkono, nikasema ni jiwe tu, na nilikuwa nimesikia utupu chini yake. Aliyesaini juu yangu aliamini neno langu. Papa Ramazani alijenga kama alivyoagizwa." Shefu aliisoma mara mbili. "Weye ni mujinga?" Nikasema, "Ndiyo, Shefu, ndivyo nilivyoandika." Alinitoa ofisini kwa mkono, kama anamfukuza mbuzi.

Kuwaambia mama wa chemchemi kulikuwa kugumu zaidi kuliko Shefu. Nilisimama pale wakiwa na mabido matupu, nikasema yote, na karanga nikaitaja. Mama Zaina alifunga kitambaa chake upya kichwani, polepole, mpaka nikatamani anitukane. Mwishowe akasema, "Kumbe Feza hakutudanganya." Akashusha pumzi. Kisha, "Na weye sasa utafanya nini?" Nikasema nitachimba. "Chimba basi, tunakuangalia."

Nikaenda kuwatafuta wale wenzangu wa Salamabila waliohamia huku, waliocheka siku ile uliponichukua. Sita walikuja, kila mmoja na sululu na beleshi lake. Papa Ramazani alifunga machinjio siku hizo zote bila kuambiwa na mtu, akatuletea supu yeye mwenyewe, sufuria kichwani. Nilimwomba msamaha mbele ya wote. Alisema nile kwanza supu ikiwa moto, mengine baadaye. Mpaka leo hajaleta hayo mengine.

Tuliufunua ule mfereji. Yaya, ni kazi nzuri, mawe yamechongwa, yamelala sawasawa kama matofali ya kanisa! Tuliuziba mahali patatu, udongo wa mfinyanzi na simenti, tukahamisha shimo upande wa pili wa kilima, kwenye ule udongo unaokunywa. Safari hii nilishuka mwenyewe, nikapapasa kila jiwe kwa vidole. Wenzangu waliniuliza kama ninatafuta pete. Na wakati chemchemi inajisafisha, mama walichota maji bonde la mbali, wakipanda mlima wananitaja kwa jina, mimi na mama yangu aliyenizaa Wamaza. Nilistahili.

Ilipofika siku ya kujaribu tena, nilianza kuzunguka jana yake, nyumba kwa nyumba, mpaka sauti ikakauka: kesho nitamwaga nkula, mukiona wekundu munipige, musipoona musinipige. Asubuhi nikaimwaga kwenye shimo jipya, nikashuka, tukakaa. Mtaa wote ulikaa. Bibi alikuja na kuku wake, yuleyule, maana hakuna aliyethubutu kumla. Sasa ana vifaranga. Jua likapanda, likapinda. Maji yalitoka meupe. Tukangoja tena siku iliyofuata na ile nyingine. Meupe. Watoto wa Zaina walikuwa wanakimbizana na vifaranga, matumbo yao yametulia kitambo, nikawa ninawatazama wao kuliko maji.

Shefu naye alishuka na karatasi ya kusaini, viatu vinang'aa. Alitoa kalamu mfukoni. Mama Zaina akamzuia mkono. "Nawa kwanza." Shefu akanitazama mimi. Nikatazama miti. Yaya, alinawa! Alikunja shati, akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya buro, akanawa uso mzima, na mama wote wanamhesabia mpaka masikioni. Aliponyanyuka alikuwa anacheka kama mtu mwingine. Kisha ikawa zamu yangu. Maji yalikuwa baridi. Nililia ndani ya viganja vyangu, na hakuna aliyejua, uso ulikuwa umelowa tayari.

Juma lililofuata Shefu aliniita akanipa barua ya onyo kwa uzembe kazini. Faili la namba limerudishwa, litaanza upya kutoka mwanzo. Niliumia, nisijifanye. Lakini nikaisoma ile barua, nikaisoma tena. Jina langu limeandikwa lote, la baba na la babu, bila kosa hata herufi moja, na muhuri juu yake. Ni karatasi ya kwanza ya serikali yenye jina langu, Yaya, na ni ya onyo! Ningetoa nini nikusikie ukicheka. Nimeibandika ukutani juu ya meza yako. Na faili nitalingoja. Mchanga nimeuosha karai baada ya karai maisha yangu yote, kungoja ninakujua.

Lile jiwe nimelileta hapa. Liko mlangoni, mabuti yako yamesimama juu yake. Kila asubuhi kabla ya kuingia ninainama ninaligusa kwa mkono, na vijana wawili wapya wa buro wananicheka. Kesho ninakwenda nao kwa wakamua mawese kule barabara ya Kabambare, huko maji ya mawese yanamwagwa kijitoni na kila mtu anasema si mimi. Nitawafundisha. Mtaimbo ukigonga kitu, hata iwe jua kali, hata iwe njaa, nitashuka, nitapiga magoti, nitapeleka mkono, kisha nitasema nilichokishika. Hiyo ninakuahidi, mimi niliyekula karanga yako siku ile.

Pumzika, Yaya wangu. Hapa tunaendelea. Kabla ya kukaa kuandika nilishuka chemchemini, watu walikuwa wengi, wakanipisha.

Nimenawa uso. Sasa ninasaini.

Amisi,
Wamaza wako